Tairi za Kwenda Kumchukua Mama

Mara ya kwanza nilishindwa kufika. Naanza hapo kwa sababu watu wakinisikia nasimulia habari za rimu na tairi hudhani nilikuwa natafuta mapambo tu. Mapambo niliyapenda, sikatai, na nitafika huko. Lakini kabla ya mapambo kulikuwa na mama yangu mzazi, yuko juu ya mlima, na mimi na gari langu tukashindwa kumfikia.

Mama anaishi ndani kabisa ya Kilolo. Ukitoka makao makuu ya wilaya, kiangazi ni mwendo wa saa moja na nusu, masika usiulize. Mwaka ule alikuwa anatokwa na damu. Mwanamke aliyeacha kuona siku zake miaka kumi na zaidi, damu inamtoka, na yeye anasema ni uchovu wa jembe. Nilimleta Mbeya, ambako nimeolewa, wakampima hospitali ya rufaa wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Tarehe ya upasuaji ikawa mbele, wakati daktari bingwa atakapokuwepo, na mama akakataa kusubiri kwangu. Alisema mahindi hayapaliliwi kwa simu. Basi akarudi kwake. Nesi alinivuta pembeni akaniambia, dada, kwa damu anayopoteza mama huyu, siku hiyo isimpite. Ikimpita, sijui.

Ilipobaki kama wiki mbili nikaenda kumchukua. Nina pikapu ya dabo kebini, naibebea viazi mviringo, na miaka yote hiyo ilikuwa na tairi za kawaida za lami, mbili kati yake zimeshakuwa vipara. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Kwenye mlima wa pili baada ya kutoka Kilolo, udongo mwekundu, gari lilianza kurudi nyuma huku nimekanyaga mafuta. Likaenda upande, taratibu, na mimi nimeshika usukani ambao haukuwa na kazi tena. Likasimama lilipogonga ukingo. Upande wa pili palikuwa na korongo. Wanaume wa pale walinivuta kwa kamba mpaka nikageuka, na mmoja akaniambia, mama, kwa viatu hivi rudi tu.

Nilimpigia mama nikamwambia nimeshindwa. Akasema, "Sawa, nitasubiri." Hiyo sawa yake ilinichoma kuliko kama angenilaumu.

Sasa nieleze nyumba ninayoishi, maana bila hiyo hamtaelewa nilichokifanya. Mimi ni Mhehe, nimeolewa kwa Wanyakyusa. Mume wangu yuko Makongolosi kwenye dhahabu, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nakaa Iyunga na wakwe zangu, uwanja mmoja, nyumba mbili zinatazamana. Na baba mkwe wangu ni mtu wa zamani. Kwa mila yao ya asili, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso, hawazungumzi, hawapishani mlangoni. Wengi wa mjini wameshaacha, wanakula meza moja na wanacheka pamoja. Kwetu hapana. Ni heshima, na kwake yeye ni zaidi ya heshima; anaamini ukiivunja, madhara yanakwenda kwa watoto. Kwa hiyo miaka kumi na moja mimi na yeye tuliishi kwa kikohozi. Akitaka kutoka anakohoa, nami naingia ndani. Mimi nikiwa uani, yeye hatoki, hata jua liwake vipi. Akiwa na neno kwangu, analipitisha kwa mama mkwe.

Na maneno alikuwa nayo. Alikuwa dereva wa malori miaka zaidi ya thelathini, Tunduma, Sumbawanga, mpaka Kongo, na hakuna kitu cha gari asichokuwa na neno nacho. Nikirudi na pikapu, jioni mama mkwe ananijia: baba yako anasema breki za mbele zinalia. Baba yako anasema umejaza viazi vingi nyuma. Baba yako anasema, baba yako anasema. Nilikuwa nakasirika jamani, sitadanganya. Mtu haniangalii, hanisalimii, lakini gari langu analisikiliza kila siku. Mawifi walikuwa wananitania, Mhehe na hasira zake, huyu siku moja atajinyonga kwa ajili ya breki. Nami nawajibu, Wanyakyusa kwa kujifanya mnajua, hamjambo.

Nilipoanza kutafuta tairi za matope, neno likaja siku hiyo hiyo. Mama mkwe alikaa jikoni kwangu akalisema pole pole, kama alivyofundishwa.

"Baba yako anasema uchukue tairi nyembamba, ndefu, zenye meno. Anasema matope ya Kilolo chini yana udongo mgumu. Tairi nyembamba inakata mpaka inaukuta. Pana inaelea juu, inateleza. Na anasema usitoe rimu zako za chuma."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Nilikuwa nimeshaona nyingine. Kuna duka moja la tairi kando ya barabara kuu, wamezipanga nje, na pale palikuwa na seti ya magurudumu manne, imetumika kidogo tu, tairi pana zenye meno yanayopanda mpaka ubavuni, zikiwa juu ya rimu za sipoti nyeusi, nyuzi za fedha kwenye kingo. Muuzaji aliniambia hizi zilitoka kwenye gari la wawindaji. Akaniambia matope yataomba radhi. Nikaziangalia, nikaona pikapu yangu imesimama juu yake, nikaona watu wa kijijini kwetu, wale walionivuta kwa kamba, wakinitazama nikipita. Nilitaka kufika kwa mama, ndiyo. Nilitaka pia kufika nikiwa nimependeza. Na nilitaka kitu kimoja ambacho baba mkwe hakukichagua. Yote matatu yalikuwemo, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

Fundi wa pale akazifunga. Tairi zilikuwa zinagusa kidogo bodi nikikata kona, akakata plastiki ya ndani, tatizo limekwisha. Seti haikuja na nati zake, kwa hiyo akarudishia zile zile zangu za zamani, akazikaza kwa mashine, trrr, trrr, gurudumu moja nati sita. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiangalia. Sikuona kosa lolote. Tairi ya spea ikabaki ya zamani, kwenye rimu yake ya chuma, imefungwa chini ya gari.

Nilirudi nyumbani jioni. Usiku mama mkwe hakuja na neno. Nikajua asubuhi litakuja.

Ilikuwa Ijumaa, nilipanga kuondoka saa moja asubuhi: nilale kijijini, Jumamosi nimtoe mama, tulale Iringa, Jumapili tuingie Mbeya, Jumatatu kisu. Nilitoka uani saa kumi na mbili na nusu kupakia godoro na mablanketi. Mama mkwe alikuwa ameshakwenda sokoni, na nyumba ya pili ikakohoa. Nilijua maana yake: ingia ndani, nataka kutoka. Nilijua anataka kuja kuliangalia gari. Atalizunguka, atagonga tairi kwa fimbo, atainama, halafu mama mkwe akirudi atakuja kuniambia rudisha hizi dukani, na siku itakuwa imekwisha.

Sikuingia. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kioo cha mbele, ambacho kilikuwa kisafi. Kikohozi kikarudi. Nikafuta taa. Mtu aliyeko uani hawezi kutokewa, hiyo ni sheria yake yeye siyo yangu, na siku hiyo niliishika kama fimbo. Nilikaa nje karibu nusu saa nafuta gari lililokuwa safi. Kikohozi cha tatu kilikuwa kirefu. Nikapanda, nikawasha, nikaondoka, na nilijisikia nimeshinda.

Njiani, kabla ya Makambako, usukani ulianza kutetemeka kidogo. Nikasema ni meno ya tairi, tairi za matope kwenye lami lazima zitetemeke. Hata muuzaji alikuwa ameniambia. Mafinga nikasikia kama mlio, nikafungua redio.

Na matope tuliyapita. Lazima niseme kweli yote: zile tairi ziliteleza kama mzee alivyosema, nilipanda ule mlima upande upande, lakini meno yalishika kwenye ukingo na nikatokea juu. Nikalala kwa mama. Alikuwa mweupe kwenye midomo na viganja. Akanionyesha shuka alizokuwa anafua kila siku na akasema tusimwambie mtu.

Jumamosi asubuhi nilimlaza kiti cha nyuma kwenye godoro tukaanza kushuka. Hatujaenda mbali, gari likaanza kusema ko, ko, ko. Nikipunguza mwendo, linapunguza. Nikiongeza, linaongeza. Halafu kwenye mteremko, upande wa kushoto ni msitu wa misonobari umeshuka chini sana, nyuma ya gari ikacheza. Sielezi vizuri. Kiti kilihama chini yangu. Nikakanyaga breki kidogo kidogo, mkono kwenye breki ya mkono, tukasimama. Nikashuka.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limeinama. Nati mbili hazipo kabisa. Nne zilizobaki nilizizungusha kwa vidole. Kwa vidole, jamani. Na matundu ya ile rimu nzuri yalikuwa yameliwa, yamekuwa mapana, na unga wa fedha umejaa kwenye matope. Nikakaa barabarani. Mama akauliza kutoka ndani, "Tumefika?" Nikamjibu bado kidogo.

Mtandao ulikuwepo kwa shida. Nikampigia mama mkwe, na sikujua nitaanzaje. Nikasema tu gurudumu linataka kutoka na mama yuko ndani. Nilisikia anageuka anasema Kinyakyusa, na nyuma yake sauti ya baba mkwe, ya karibu kabisa, ikijibu. Alikuwa amekaa naye. Angeweza kuishika ile simu. Hakuishika.

"Baba yako anauliza, nati mdomo wake umechongoka, au una kola, pete bapa?"

Nikaangalia moja iliyokuwa mkononi mwangu. "Umechongoka."

Mama mkwe akapitisha jibu. Halafu maneno machache.

"Anauliza, magurudumu mengine nayo nati ni hizo hizo?"

"Ndiyo, mama. Zote ni zile zangu za zamani."

"Anasema hizo ni za rimu ya chuma. Mdomo uliochongoka unakaa kwenye rimu ya chuma. Rimu ya sipoti kama hizo inataka nati ya kola. Hii inakaa juu juu, inachimba, inalegea. Anauliza spea ni rimu gani."

"Ya chuma."

"Anasema tushukuru Mungu. Toa hiyo, funga spea kwa nati nne hizo hizo, spea itashika. Hayo mengine matatu uyakaze. Ukikaza nati moja, nenda ya upande wa pili, usizunguke. Na kila kilima usimame ukaze tena. Mwendo wa baiskeli. Mpaka Iringa." Nikasikia mlango huko kwao. "Halafu anasema anakwenda stendi."

"Kufanya nini?"

"Anakuja Iringa na nati."

Nilifunga spea peke yangu, magoti kwenye tope, jeki imewekwa juu ya jiwe bapa. Tukashuka. Kila kilima nilisimama, nikashuka, nikakaza nati kumi na nane za magurudumu matatu na nne za lile la nne, na kila mara zile kumi na nane nilizikuta zimeachia kidogo. Kidogo tu. Lakini unakaza sasa hivi, unakwenda kilima kimoja, unarudi unakuta zimeachia tena, na nyuma mama yako anauliza tumefika. Mahali ambapo kwa kawaida ni mwendo wa saa tatu tulitumia siku nzima. Nilisali rozari yote na nilikuwa naikosea. Nilikuwa namwona yule muuzaji, nilikuwa namwona yule fundi na mashine yake, nawatukana, na kila nikimaliza kuwatukana nabaki na kile kitambaa nilichokuwa nafutia taa.

Tuliingia Iringa jioni, nikapata nyumba ya wageni yenye uwanja wa kuegesha gari, nikamtajia mama mkwe kwa simu. Mama alikunywa uji nusu kikombe.

Asubuhi mama mkwe alinipigia. "Baba yako yuko hapo nje kwenye gari. Alilala stendi. Usitoke."

Sikutoka. Nilikaa kitandani pazia limefungwa, nikasikiliza spana. Mama yangu, ambaye hana mwiko naye wa kutoonana, akajikongoja hadi dirishani, akawa ananiambia anachokiona. Amevua koti. Amepiga magoti. Amekwenda gurudumu la mbele. Sasa anafuta matundu kwa shati lake. Huyu mzee mguu wake mmoja ni mbovu, mbona anapiga magoti? Nilitazama ukuta. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na niliona pia kwamba hiki ndicho kitu alichokuwa anakiomba Ijumaa, mimi nikae ndani kidogo tu.

Ile rimu iliyoliwa aliitupa, spea ikabaki mahali pake. Mengine matatu akayafunga nati za kola. Halafu kupitia kwa mama akasema atapanda na sisi ayasikilize magurudumu, kwa hiyo nikae kwenye usukani kwanza, nisigeuke, ndipo yeye aingie nyuma. Nikafanya hivyo. Mlango ukafunguka, gari likainama kidogo. Nikasikia anamsalimia mama, mama akamwitikia. Akamwambia, "Mama, mwambie dereva ageuze kioo cha ndani."

"Geuza kioo," mama akaniambia.

Nikakigeuza mpaka kikaangalia paa. Toka Iringa hadi Mbeya nitaendesha barabara ya malori bila kuona nyuma vizuri, vya pembeni navyo vimejaa tope kavu, na mtu pekee anayeona nyuma haruhusiwi kuniambia.

Basi ikawa kazi ya mama. "Anasema kuna lori, mpishe." "Anasema sasa ni kweupe." "Anasema mbona unakwenda pole pole." Nilikuwa nakwenda hamsini. Kila gari likitikisika naondoa mguu. Kila mlio nikausikia kama ule wa ko, ko, ko. "Anasema magurudumu yako sawa." Namjibu mama, mwambie nimesikia, na mguu unakataa. Mabasi yalitupita, bajaji ilitupita Makambako. Mama akacheka kidogo kwa hilo, akasema, "Nyie watu mnanichosha, semezaneni."

Baada ya Igawa sauti ya mama ikapungua. "Anasema lori" ikawa "lori" tu. Chimala nikamuuliza kama anataka maji, akasema hapana. Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia njiani.

Tulikuwa tumeshaipita Igurusi, milima ya Inyala iko mbele. Lori likapiga honi nyuma yangu, karibu. Nikasubiri mama aniambie. Likapiga tena, refu. Nikasubiri. Nikasikia kitu kama nguo kukokotwa kwenye kiti, na pumzi ya mtu anayehangaika kumnyanyua mwenzake.

"Mwanangu."

Sijui nieleze vipi. Miaka kumi na moja nilikuwa naisikia ile sauti ukutani, ikisema na wengine. Sasa ilikuwa sikioni kwangu na ilikuwa inatetemeka.

"Mwanangu, mama haitiki. Amekuwa wa baridi. Na kiti kimelowa damu. Kanyaga."

"Baba, tairi..."

"Tairi nimezikaza mimi. Kanyaga."

Nikakanyaga. Na yeye akaendelea kusema, hakunyamaza tena mpaka mwisho. Piga taa, pita hili. Rudi, rudi, kuna basi. Sasa pita, yote mawili, usiogope mlio, huo ni meno ya tairi. Washa taa za hatari. Kona hii inakaza, shika katikati. Katikati ya maneno hayo alikuwa anamwita mama yangu, mama, mama, fumbua macho, halafu anarudi kwangu. Mikono yangu ilikuwa inafanya alichosema kabla sijakielewa. Wakati mmoja niliinua mkono nikakirudisha kioo mahali pake, kwa sababu sikuweza kuendesha tena bila kujua kama mama yu hai, na nikamwona. Uso mrefu, ndevu nyeupe chache. Amempakata mama yangu kichwa mapajani, na koti lake amelikunja amelikandamiza pale damu inapotoka. Macho yetu yakakutana kwenye kioo. Hakuyaondoa. "Angalia mbele," akasema.

Uyole palikuwa na foleni. Alishusha kioo cha mlango akatoa nusu ya mwili nje, akawa anawasogeza watu kwa mkono na kwa sauti, mzee wa watu, shati lina damu mpaka kwenye kiwiko, na wakampisha.

Hospitali walimpokea kwa machela. Walimwekea damu usiku ule na kesho yake, upasuaji ukasogezwa siku mbili, ukafanyika. Mama yupo. Mwaka huu amelima tena, na nimeshamwambia nikimkuta na jembe nitalikanyaga kwa gari langu, hilo jembe.

Lakini Jumapili ile jioni tulikuwa hatujui lolote. Daktari alituambia tusubiri. Nilikwenda kunawa, niliporudi kwenye korido nikamwona baba mkwe amekaa kwenye benchi peke yake, mikono juu ya magoti. Nikasimama nyuma ya kona ya ukuta, asinione. Tulikuwa tumesharudi kwenye mila bila kuambiana. Nilijua sheria, na nilijua kwamba nikiondoka pale bila kusema, sitasema tena.

"Baba," nikasema, nimeegemea ukuta. "Ijumaa asubuhi nilikusikia unakohoa. Nilikaa uani makusudi, ili usitoke."

Machela ilipita na magurudumu yake yanalia, akasubiri ipite.

"Najua," akasema. "Nilikuwa dirishani. Nati niliziona toka pale, nikazitilia shaka."

Nikashika mdomo. Nilisubiri anilaumu, nilitaka anilaumu.

"Ilifaa nitoke tu, mwanangu," akasema. "Ningetoka."